Jinsi ya kuwaita wataalamu waangalie ziwa au kinamasi chenu, kuanzia daftari hadi bajeti ya kaunti

Maswali ni yaleyale. Kikundi cha Dunga, Kisumu, kinauliza barua iandikwe kwa nani ili wataalamu wa kimataifa waje. Kijana wa Barut, pale Nakuru, anataka namba ya simu ya Ramsar, ule mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, yaani maziwa, vinamasi na mito. Mwalimu wa Usenge anauliza ni shilingi ngapi. Nimeona afadhali majibu yote yakae mahali pamoja, kwa mpangilio ambao kazi yenyewe hufuata.

Msaada upo, na kwa maeneo fulani nchi yetu, Kenya, ina haki ya kuuomba rasmi. Ila mtaalamu hujibu swali aliloulizwa. Ukimwita bila swali atazunguka, atapiga picha za ndege, kisha atawaachia ripoti nene ambayo hakuna ofisi hata moja iliyopewa kazi ndani yake. Watu husema mgeni njoo mwenyeji apone. Sawa, lakini mwenyeji naye awe anaweza kuonyesha anapoumwa. Ndiyo maana nusu ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya kabla mgeni yeyote hajaitwa.

Ninaandikia vikundi vya ufuo (BMU), vyama vya watumiaji wa maji (WRUA), vikundi vya utalii na yeyote anayeishi kando ya maji. Kama wewe ni afisa wa serikali, ruka hadi hatua ya 7.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Jina rasmi la eneo na mipaka yake kwenye ramani. "Kinamasi cha kwetu" haitoshi kwenye barua.
- Cheti cha usajili wa kikundi, pamoja na kumbukumbu za mkutano ulioamua kuomba msaada, zikiwa na sahihi. Swali la kwanza ofisini huwa ni nyinyi ni nani.
- Simu yenye kamera inayorekodi namba za GPS.
- Daftari moja la jalada gumu. Karatasi za kurarua hupotea, na mahakamani hazina uzito.
- Kama eneo liko kwenye orodha ya Ramsar: karatasi yake ya taarifa, ambayo hupatikana bure kwenye tovuti ya Mkataba.
- Mpango wa usimamizi wa eneo, kama upo. Hifadhi za taifa na hifadhi za akiba zinatakiwa kuwa nao chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013.
- Mtu mmoja wa kuandika barua na kutunza faili, asiyebadilishwa kila uchaguzi wa kikundi.
- Pesa kidogo za nauli, kuchapisha, barafu na mafuta ya boti.

Hatua ya 1: Jua eneo lenu liko daraja gani

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, na Ziwa Nakuru likawa la kwanza kuorodheshwa mwaka huohuo. Baadaye zikafuata Naivasha (1995), Bogoria (2001), Baringo (2002), Elmenteita (2005) na Delta ya Mto Tana (2012). Nakuru, Elmenteita na Bogoria ni Urithi wa Dunia pia tangu 2011, kwa hiyo zina mlango wa pili kupitia UNESCO.

Tazama orodha hiyo tena. Hakuna hata moja iliyo Nyanza wala Magharibi. Kinamasi cha Yala hakimo. Dunga, Kusa na Koguta hazimo. Ziwa Kanyaboli ni hifadhi ya akiba na Saiwa, kule Trans Nzoia, ni hifadhi ya taifa yenye nzohe (swala wa kinamasi) wake, lakini hizo ni ulinzi wa sheria za Kenya, si uorodheshwaji wa Ramsar.

*Kosa la kawaida:* kuandikia Sekretarieti ya Ramsar iliyoko Gland, Uswisi, kuomba ujumbe wa ushauri, yaani timu ya wataalamu, kwa ajili ya Yala. Ujumbe huo ni wa maeneo yaliyoorodheshwa. Hata hivyo Mkataba unaitaka nchi itumie kwa busara ardhioevu zake zote, zilizo kwenye orodha na zisizokuwamo. Sentensi hiyo iwekeni kwenye barua ya kwenda Nairobi. Ina nguvu kuliko mnavyofikiri.

Hatua ya 2: Andika tishio kwa sentensi moja

Tumieni siku nzima kwa hatua hii ikibidi. Sentensi iwe na vitu vinne: kinachosababisha, njia kinayopitia, kilichobadilika, na anayeumia.

Mfano mbaya: "Ziwa letu linakufa kwa sababu ya uchafuzi na mabadiliko ya tabianchi." Hakuna mtu anayeweza kuchunguza hilo.

Mfano mzuri, wa kubuni: "Kila mvua kubwa ikinyesha, maji meusi yenye povu hutoka kwenye mfereji ulio chini ya daraja, huingia Mto Njoro, na samaki wadogo huelea kesho yake mahali tunaponyweshea ng'ombe." Hapo mtaalamu anajua asimame wapi, lini, na apime nini.

Kisha geuza sentensi iwe swali ambalo jibu lake litabadilisha uamuzi wa mtu. Maji hayo yanatoka kwenye mtambo wa maji taka uliozidiwa, au kwenye mitaa isiyounganishwa na mabomba? Majibu mawili, ofisi mbili, bajeti mbili tofauti.

Ziwa Nakuru linafundisha vizuri. Tangu karibu 2010 maji yalipanda hadi yakameza lango kuu la hifadhi na ofisi zake, yakawafuata watu majumbani upande wa Mwariki na Barut. Flamingo wakapungua kwa sababu maji ya magadi yalizimuliwa na mvua, na chakula chao, mwani, kikaadimika. Mikutanoni watu walibishana nani wa kulaumiwa: wakataji miti wa msitu wa Mau, tope, mvua, au ardhi yenyewe kusogea. Ni mjadala halali, ila ni wa miaka, na hauwahamishi watu. Maswali yenye faida ya karibu ni mengine. Vyoo vya shimo vilivyofunikwa na maji vinamwaga nini ziwani? Mpaka wa hifadhi na wa makazi uwekwe kwenye kiwango kipi cha maji? Uzio uliozama uondolewe vipi kabla haujanasa wanyama?

Mkiwa na matishio kumi, chagueni matatu. Mtaalamu anayepewa kumi hugusa yote juu juu.

Hatua ya 3: Tafuta hali ya zamani

Kusema "imeharibika" ni kulinganisha, na mlinganisho unahitaji pande mbili. Mkataba huzungumzia hali ya kiekolojia ya eneo: vilivyomo (maji, mimea, viumbe), jinsi vinavyofanya kazi, na manufaa watu wanayopata. Karatasi ya taarifa ya Ramsar ndiyo inayoeleza hali hiyo wakati wa kuorodheshwa, na inatakiwa kusasishwa kila baada ya miaka 6. Ikiwa ya kwenu imepitwa na wakati, kuomba isasishwe ni ombi rahisi ambalo ofisi haiwezi kulikataa kwa aibu.

Kwingine pa kutafuta:

- Hesabu za ndege wa majini za kila Januari, zinazoratibiwa na Makavazi ya Kitaifa pamoja na Nature Kenya.
- KMFRI (taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi), Kisumu, kwa habari za samaki na maji ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria.
- Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA), kwa vipimo vya mito.
- Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, ambacho wanafunzi wake wamechunguza mto huo kizazi hadi kizazi. Tasnifu nyingi zimelala maktabani zikingoja msomaji.
- Picha za setilaiti. Za Landsat zinarudi hadi 1972. Za Sentinel-2, kuanzia 2015, zinaonyesha vitu vya ukubwa wa mita 10, na ni bure.

Wazee nao. Usiwaulize "miaka arobaini iliyopita maji yalikuwa wapi?" Waulize kwa matukio: mvua kubwa ya 1961, El Niño ya 1997, mafuriko ya 2020 yaliyozamisha fuo za Ziwa Viktoria. Mzee atakuonyesha mti au msingi wa nyumba uliofikiwa na maji mwaka ule. Simameni hapo, chukueni namba za GPS, andikeni jina la tukio. Mwanahaidrolojia hushukuru kwa alama kama hizo kuliko kwa hotuba.

Hatua ya 4: Kusanya ushahidi utakaosimama

Msifanye yote. Fanyeni yale yanayojibu swali la hatua ya 2.

*Picha za mahali pamoja.* Chagueni sehemu tatu au nne. Simama palepale kila mwezi, elekeza kamera kulekule, na picha iwe na kitu kisichohama: paa la kanisa, nguzo ya stima, jiwe. Tarehe na saa ziingie daftarini. Picha mia za kushangaza zilizopigwa ovyo hazifikii kumi na mbili za mahali pamoja.

*Gugumaji.* Tahadhari kwa watu wa Kisumu. Upepo hulisukuma gugumaji kutoka upande mmoja wa ghuba hadi mwingine, wakati mwingine kwa usiku mmoja tu. Picha ya Dunga imefunikwa asubuhi haithibitishi kwamba limeongezeka. Linganisheni eneo zima la ghuba kwa setilaiti, na mkumbuke kinacholilisha ni mbolea na maji taka yanayoletwa na mito. Kulivuna bila kugusa mito ni kazi isiyokwisha.

*Maji.* Chukueni sampuli mahali patatu: juu ya chanzo cha uchafu, penye mlango wake, na chini yake. Chupa zitoke maabara, si za soda. Elekea mkondo unakotoka, zamisha chupa kiasi cha urefu wa kiganja na zaidi ili usikombe povu la juu, na chupa ya vijidudu usiisuuze kwa sababu imeshaandaliwa. Andika mahali, tarehe, saa na jina la aliyechota. Weka kwenye kasha lenye barafu. Sampuli ya vijidudu vya kinyesi ifike maabara siku hiyohiyo. Ikilala, pesa zimepotea. Hewa ya oksijeni majini huwa chini kabisa alfajiri, kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana kinaweza kuonyesha maji mazuri mahali ambapo samaki walikufa saa kumi na moja asubuhi.

Ili usome matokeo: kanuni za ubora wa maji za 2006 zilitaka maji taka yanayomwagwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita za BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu), 50 za COD (oksijeni inayohitajika kuuvunja uchafu kwa kemikali), na 30 za chembe zinazoelea. Mipaka hiyo ni ya mahali maji taka yanapotokea. Si ya ziwa. Nimeona watu wakipiga kelele kwamba pH ya Ziwa Nakuru imevuka 8.5. Ziwa la magadi huwa karibu na 10 kwa asili yake. Flamingo wanalipendea hilo.

*Uwazi wa maji.* Kata kisahani cha bati cha sentimita 20, kipake robo nyeusi robo nyeupe, kifunge kamba yenye alama, kishushe polepole kivulini upande wa boti. Andika kina kinapopotea machoni. Gharama yake ni rangi tu, na mkifanya kila wiki mtajua lini tope liliingia.

*Wanyama na ndege waliokufa.* Msiguse, msiokote, msile. Piga picha, andika idadi na mahali, arifu KWS (Shirika la Huduma za Wanyamapori) na daktari wa mifugo wa kaunti saa hiyohiyo. Vifo vya flamingo Nakuru na Bogoria miaka ya nyuma vimehusishwa na sumu ya mwani, metali nzito na maradhi, na chanzo hutambuliwa kwa mzoga mbichi tu.

*Usalama.* Viboko na mamba hawasomi barua ya kikundi. Ndani ya hifadhi msiingie bila askari wa KWS, na kwenye boti kila mtu avae boya.

Hatua ya 5: Pita ofisi za hapa kwanza, kwa maandishi

Barua ya ukurasa mmoja: sentensi ya tishio, swali, orodha ya ushahidi, na mnachoomba. Pelekeni kwa mkurugenzi wa NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) wa kaunti, kwa mkuu wa hifadhi wa KWS, kwa WRA kama ni mto, na kwa idara ya mazingira ya kaunti. Nakala kwa chifu na mwakilishi wadi. Kila ofisi igonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Bila muhuri, barua hiyo haikuandikwa.

Mkihitaji hati, kama ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira au matokeo ya vipimo vya mtambo, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Raia yeyote anaweza kuomba, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Msieleze sababu nyingi; sheria haiwadai sababu.

Hatua ya 6: Chagua mlango

Anzeni na wa bei nafuu.

*Mlango wa kwanza: mtaalamu wa karibu.* Kwa Yala, Dunga, Nyando na Saiwa, huu ndio wenu, na mara nyingi unatosha. Maseno, Egerton, KMFRI na Makavazi wana watu wanaojua mafunjo, samaki na ndege wa huku kuliko mgeni yeyote. Andikieni idara, si mtu binafsi, na mseme mnataka nini: siku mbili uwanjani na maelezo ya kurasa tano.

*Mlango wa pili: taarifa kwa Sekretarieti.* Kwa eneo lililoorodheshwa, kifungu cha 3.2 cha Mkataba kinaitaka nchi iarifu bila kuchelewa pale hali ya kiekolojia inapobadilika, au inapoelekea kubadilika, kwa sababu ya shughuli za binadamu. Wananchi na mashirika pia wanaweza kupeleka taarifa; Sekretarieti huiuliza nchi na kungoja jibu. Si kesi, na haileti wataalamu kesho, lakini barua kutoka Gland huamsha faili lililokuwa limelala.

*Mlango wa tatu: Ujumbe wa Ushauri wa Ramsar.* Huu ndio wengi wanaousikia. Utaratibu wake ulianza 1988. Unaombwa na serikali. Kwa Kenya ofisi inayosimamia Mkataba ni KWS. Kikundi hakiwezi kuuomba moja kwa moja. Kazi yenu ni kuwapa KWS faili lililokamilika kiasi kwamba kuomba kunakuwa rahisi kuliko kukataa. Gharama hujadiliwa kati ya nchi na Sekretarieti, na mara nyingi mfadhili hutafutwa. Nyinyi wanakijiji hamlipi.

Mfano wa jirani: mwaka 2008 ujumbe kama huo ulikwenda Ziwa Natron, Tanzania, wakati kulikuwa na mpango wa kiwanda cha magadi. Swali lilikuwa bayana, kwa sababu Natron ndilo ziwa ambalo flamingo wadogo wa Afrika Mashariki hutegemea kuzaliana. Wengi kati ya wale mnaowaona Nakuru na Bogoria walianguliwa huko.

Mtasikia pia habari za Rekodi ya Montreux, iliyoanzishwa 1990 kwa maeneo yaliyobadilika vibaya. Viongozi huiogopa kama fedheha. Waelezeni kwamba eneo huingizwa kwa ridhaa ya nchi yenyewe, na kuwemo husaidia kupata kipaumbele cha msaada.

Hatua ya 7: Andikeni rasimu ya hadidu za rejea

Hadidu za rejea ni karatasi inayoeleza ziara itachunguza nini, wapi na na nani. Msingoje Nairobi iandike. Atakayeleta rasimu ndiye atakayeamua ziara itaangalia nini. Kurasa mbili zinatosha, zikiwa na:

1. Maswali manne hadi sita, mkianza na lile la hatua ya 2.
2. Aina ya wataalamu. Mkiwa na tatizo la maji ya chini ya ardhi, mtaalamu wa ndege peke yake ni mapambo. Ombeni mtu wa haidrolojia, mtu wa sheria au upangaji wa ardhi, na mtu anayejua maisha ya watu. Huyo wa mwisho husahauliwa kila mara.
3. Mahali pa kutembelea, pamoja na bonde zima la mto. Ziwa Nakuru hupokea mito Njoro, Makalia na Nderit. Atakayeliangalia kutoka juu ya mwamba wa Baboon Cliff tu ataona nusu ya hadithi.
4. Watu wa kukutana nao: wavuvi, wafugaji, wakata mafunjo, wenye mashamba, kampuni za jirani, na wale wanaolaumiwa. Ndiyo, hasa wale.
5. Majira. Januari na Februari barabara ni nzuri na ndege wahamiaji wapo. Lakini kama tishio ni maji taka yanayofurika, ziara ya kiangazi haitaona kitu. Ombeni Aprili na mseme kwa nini.
6. Matokeo mnayotaka: mapendekezo yenye jina la ofisi, kadirio la gharama na muda.

*Kosa la kawaida:* kuandika swali ambalo limeshabeba jibu, mathalani "wataalamu wathibitishe kwamba mwekezaji ameharibu kinamasi." Wataalamu wenye heshima zao hawaji kuthibitisha. Na akija anayekubali, upande wa pili utamrarua mahakamani.

Hatua ya 8: Siku za ziara

Msipambe. Msifyeke njia, msiokote takataka siku moja kabla, msivalishe watoto fulana. Waonyesheni mahali pale palipo kwenye picha zenu za kila mwezi.

Mkutano wa baraza ni muhimu kwa heshima, lakini habari hazipatikani pale penye chifu, mwenyekiti na kamera. Pangeni mazungumzo madogo. Wakata mafunjo na wauza omena, ambao wengi ni wanawake, wakutane na wataalamu peke yao, karibu na kazi yao, wakiwa na mkalimani wa Kijaluo wanayemwamini. Mkalimani asiwe jamaa wa mwenyekiti. Nitanyamazia sababu.

Mtu mmoja wa kikundi aandike kila swali wataalamu waliouliza. Maswali hayo yatawaambia ripoti inaelekea wapi.

Hatua ya 9: Ripoti iwe kazi

Rasimu ikija, someni mkitafuta makosa ya majina, mipaka na tarehe. Rekebisheni kwa barua, na ushahidi. Kutokubaliana na maoni ni jambo jingine, liandikeni kando.

Ripoti ya mwisho igeuzeni jedwali: pendekezo, ofisi, gharama, tarehe. Kisha fuateni kalenda ya bajeti ya kaunti, kwani pendekezo lisilo na fungu ni dua. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa sera ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ripoti ikitoka Mei, msikimbilie bajeti hiyo. Lengeni Septemba, na mwende kwenye vikao vya umma mkiwa na ukurasa mmoja wa jedwali, si ripoti nzima.

Mambo yakikwama

*Ofisi haijibu.* Andika barua ya kukumbusha, ukitaja tarehe ya muhuri. Siku 21 za ombi la habari zikipita, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman). Kupiga simu ni sawa, lakini andika daftarini nani alisema nini.

*Majirani wanasema mnataka kuwanyang'anya ardhi.* Hofu hii ina historia, hasa Yala, ambako watu wameona mipango mikubwa ikija na kuondoka. Toeni hadharani hadidu za rejea zote, kwa Kiswahili na Kijaluo, na muwaweke wawili wao kwenye kamati. Kama kuna pendekezo la mpaka ndani yake, liwe wazi tangu mwanzo.

*Wataalamu wawili wanapingana.* Waulizeni kila mmoja: ni kipimo gani kingekufanya ubadili mawazo? Kipimo hicho ndicho cha kufanya mwezi ujao.

*Mradi umeshapewa leseni.* Hapa msingoje wataalamu. Rufaa kwa Baraza la Rufaa la Mazingira ina siku 60 tangu uamuzi, na siku hizo hazingoji ripoti. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira safi bila kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumia. Tafuteni wakili kwanza, mtaalamu awafuate kama shahidi.

*KWS wamekataa kuomba ujumbe.* Ombeni sababu kwa maandishi. Mara nyingi ni pesa, au wanaona ushahidi haujatosha. Kama ni ushahidi, rudini hatua ya 4 mkiwa na orodha ya kinachokosekana. Kama ni pesa, ombeni ziara ndogo ya wataalamu wa humu nchini wakitumia hadidu zilezile.

*Picha za setilaiti zina mawingu tupu.* Masika huwa hivyo. Tumieni Sentinel-1, ambayo hutumia rada na hupenya mawingu. Maji huonekana meusi. Kituo cha RCMRD, cha kikanda cha ramani na picha za setilaiti, kilichoko Kasarani, Nairobi, hufundisha kazi hii, na mwanafunzi mmoja wa jiografia kutoka Maseno anaweza kuwatolea ramani mkimpa tarehe na mipaka.